Kabla hujapigwa kisu, jina lako nani?

Naandika kutoka Mpwapwa, chini ya milima ya Kiboriani, ambako vumbi la kiangazi halina adabu na karanga za kukaanga hazina mpinzani. Wiki hii naomba tuweke pembeni yale mambo yetu ya nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani. Kuna jambo moja linanikereketa moyoni, nalo linawahusu dada zetu, wake zetu na wachumba zetu. Ni chumba cha upasuaji cha wazazi. Thieta, kama wenyewe tunavyoiita.

Najua kaka yangu umeshataka kufunua ukurasa uende kwenye michezo. Ngoja kwanza. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa Tanzania, 11 hivi walizaliwa kwa upasuaji. Mwaka 2015/16 walikuwa 6 tu. Kwa hiyo hesabu ndiyo hiyo: katika kila washikaji kumi wa kijiweni kwako waliopata watoto, usishangae mmoja akawa amewahi kusimama nje ya mlango wa thieta, kanga begani, chupa ya chai mkononi, hajui akae au asimame. Kesho zamu yako.

Na tusiseme mabaya tu, maana mazuri yapo. Takwimu hizo hizo za taifa za 2015/16 zilionyesha kina mama 556 wanakufa kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zimeshuka mpaka 104. Wanaojifungulia kwenye hospitali, vituo vya afya na zahanati wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Tangu mwaka 2017 Serikali imekarabati na kujenga vituo vya afya kwa mamia na kuviwekea vyumba vya upasuaji. Siku hizi kuna na namba ya bure, 115, ya M-Mama, ya kuita usafiri mama akizidiwa usiku. Hata mtu wa Kibakwe au wa Rudi ana pa kupiga simu.

Basi tumejifunza kumfikisha mama mpaka mlangoni. Swali langu la wiki hii ni hili: mlango wa thieta ukishafungwa, ndani kunafanyika nini?

Nauliza kwa sababu. Mwaka 2016 watafiti waliwafuatilia kina mama zaidi ya 3,600 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika. Matokeo yalipotolewa mwaka 2019 yalitisha. Katika kila kina mama 1,000 waliopasuliwa, zaidi ya 5 walikufa. Hiyo ni kama mara 50 ya nchi tajiri. Kutoka damu na matatizo ya dawa za usingizi ni miongoni mwa sababu kubwa. Tumbo ni lile lile, kisu ni kile kile, mama wa huku anakufa na wa kule anarudi nyumbani. Kwa nini?

KARATASI YA UKURASA MMOJA

Mtu akisikia hivyo anafikiria mashine za mabilioni. Mashine zinatakiwa, sibishi. Damu inatakiwa, wataalamu wanatakiwa. Lakini ipo dawa moja ambayo gharama yake ni karatasi na wino. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitoa Juni 2008. Ni orodha ya usalama wa upasuaji, na wahudumu wenyewe wanaiita cheklisti. Ina vipengele 19. Haisomwi kimoyomoyo. Mmoja anasoma kwa sauti na wenzake wanajibu kwa sauti, kama tunavyoitikia kwenye ibada.

Tuseme anayeingia ni dada yako. Amekaa leba tangu jana, mtoto amegoma kutoka, imeamuliwa apasuliwe. Orodha itasomwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni kabla ya ganzi au nusu kaputi. Anaulizwa yeye mwenyewe: Jina lako nani? Unakuja kufanyiwa nini? Umeelezwa na umekubali? Kuna dawa yoyote inayokudhuru? Halafu wanaulizana wao kwa wao. Mashine ya usingizi na dawa zimekaguliwa? Kile kidude cha kubana kidole, kinachoonyesha kama hewa ya oksijeni inafika kwenye damu, kimewekwa na kinafanya kazi? Kuna hatari ya kupoteza damu zaidi ya nusu lita? Kwa upasuaji wa kujifungua, nusu lita si jambo la ajabu hata kidogo, kwa hiyo swali linalofuata ndilo lenyewe: mishipa miwili ya dripu imetafutwa? Damu ipo?

Mara ya pili ni kabla kisu hakijagusa ngozi. Hapo kila mtu anasimamisha alichokuwa anafanya. Kila mmoja anataja jina lake na kazi yake. Wanataja tena jina la mgonjwa na anachofanyiwa. Daktari anasema anachokihofia, labda mama ana kovu la upasuaji wa zamani, labda kondo la nyuma limekaa vibaya. Mtu wa usingizi anasema la kwake. Nesi anathibitisha kwamba vyombo vimetakaswa. Na swali moja ambalo limeokoa matumbo mengi yasioze: dawa ya kuzuia usaha imeshachomwa ndani ya dakika 60 zilizopita?

Mara ya tatu ni kabla mama hajatolewa thieta. Vyombo vinahesabiwa, sindano zinahesabiwa, vitambaa vya kufutia damu vinahesabiwa. Vilivyoingia ndivyo vilivyotoka? Halafu wanakubaliana mama huyu aangaliwe nini akifika wodini.

Basi. Kwa watu waliozoea, kila kituo ni suala la dakika moja au mbili.

WHO wenyewe walisema kila mahali waiongezee ya kwao. Uingereza, kwa mfano, mwaka 2010 walitoa orodha ya thieta za wazazi peke yake, kwa sababu kule ndani wagonjwa ni wawili. Ukishamkagua mama, umuulizie na mtoto: nani anampokea? Kitanda chake cha joto kiko tayari? Mfuko wa kumpulizia hewa akizaliwa amechoka uko wapi? Hayo si maswali ya kuulizana mtoto ameshatoka na halii.

IFAKARA WALIKUWEPO TANGU MWANZO

Sasa hapa naomba tujivune kidogo. Kabla orodha hii haijasambazwa duniani ilijaribiwa kwanza kwenye hospitali za miji minane. Hebu sikia majina: Seattle, Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara hii hii ya mchele wa Kilombero, mkoa wa jirani zetu Morogoro! Hospitali ya Mtakatifu Francis, ambayo wakati huo ilikuwa hospitali teule ya wilaya yenye thieta tatu, iliwekwa meza moja na hospitali kubwa za London na Toronto.

Jaribio lilianza Oktoba 2007 likaisha Septemba 2008, likiongozwa na daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, Atul Gawande. Kwanza walifuatilia wagonjwa 3,733 kabla ya orodha, halafu wagonjwa 3,955 baada ya orodha kuanza. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Nisikudanganye, hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji wa aina nyingi, hawakuwa wazazi peke yao. Lakini damu ni damu, na usaha ni usaha.

Kuna kitu kilinichekesha kwenye habari hiyo. Wahudumu waliotumia orodha waliulizwa wanaionaje. Mmoja katika kila watano alilalamika kwamba inachelewesha. Wakaulizwa swali la pili: je, siku ukilala wewe pale mezani, ungependa isomwe? Asilimia 93 walisema ndiyo. Umeona binadamu? Kwa mgonjwa inachelewesha, kwangu mimi isomwe!

"DOKTA ANAKUMBUSHWA NA KARATASI?"

Nilipolipeleka suala hili kijiweni, pale karibu na stendi, fundi mmoja wa pikipiki alinicheka. Akasema, "Yaani mtu amesoma miaka yote hiyo halafu akumbushwe na karatasi kama mtoto wa shule? Huyo mimi hanipasui."

Nikamuuliza, wewe si mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mdogo wako? Mbona kila Jumapili mnakaa na daftari? "Mpambaji?" "Tayari." "Emsii?" "Kalipwa nusu." "Kreti za soda?" "Bado." Ni kwamba hamjui harusi inavyokwenda? Mnajua. Mnasoma daftari kwa sababu mambo ni mengi, watu ni wengi, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya. Siku ya siku ikafika, keki haipo. Sasa kama soda zinastahili orodha, dada yako je?

Kijiwe kikacheka. Nikawaongezea na habari ya ndege. Oktoba 1935, kule Dayton, jimbo la Ohio, kampuni ya Boeing ilileta ndege yake mpya ya kivita ili jeshi la Marekani liione. Aliyeirusha alikuwa Meja Ployer Hill, rubani mzoefu hasa. Ndege ilipaa kidogo tu ikaanguka ikawaka moto, na Meja Hill akafa. Ilipochunguzwa, injini zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba kabla ya kuruka alisahau kufungua kifungio kimoja kinachozuia usukani wakati ndege imeegeshwa. Kitu kidogo. Marubani hawakusema tutafute rubani hodari zaidi, maana hodari zaidi ndiye huyo aliyekufa. Waliandika orodha fupi ya kusoma kabla ya kuruka. Leo hakuna rubani wa abiria anayeona aibu kuisoma, na wewe ukipanda ndege hutaki asiisome.

Kusahau hakumwogopi msomi. Tena msomi aliyechoka, usiku wa manane, mgonjwa wa nne tangu jioni, ndiye wa kwanza kusahau.

MAJINA YAKIFANANA

Kama bado unaona swali la "jina lako nani" ni la kitoto, kumbuka ya Muhimbili. Novemba 2007, miezi hiyo hiyo ambayo lile jaribio lilikuwa linaendelea, wagonjwa wawili walipelekwa thieta pale Taasisi ya Mifupa, MOI. Majina yao ya kwanza yalifanana. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwingine ana uvimbe kichwani. Wa goti akapasuliwa kichwa. Wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima iliduwaa. Magazeti yaliandika mpaka wino ukakauka.

Si sisi tu. Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mwaka 2018 mgonjwa asiyehitaji upasuaji wa kichwa alifunguliwa fuvu, madaktari wakatafuta damu iliyoganda wasiione, kwa sababu iliyoganda ilikuwa kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Sasa nenda wodi yoyote ya wazazi uite "Mama Neema" uone wangapi watageuka.

UGONJWA WENYEWE NI HESHIMA

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mimi naona kazi kubwa ya karatasi hii si kukumbusha. Kazi yake kubwa ni kumpa mdogo ruhusa ya kusema.

Sisi tumelelewa hivyo. Mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ukiona babu anavaa shati nje ndani, unakohoa, unaangalia pembeni. Nyumbani ni adabu nzuri, wala sisemi tuiache. Lakini thieta ina ngazi zake pia. Yupo daktari, yupo mtu wa usingizi, yupo nesi mkubwa, na yupo nesi kijana aliyetoka chuoni juzi, anayeshika vyombo. Mara nyingi huyo wa mwisho ndiye anayeona, maana ndiye anayehesabu. Anaona, anameza mate.

Nimeyajua hayo nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mtoto salama, mama salama, tukala pilau. Wiki ya pili homa. Wiki ya tatu tumbo limejaa kama ngoma. Watu wakasema amerogwa, wengine wakasema amekula vibaya, shangazi akaleta maji ya maombi. Alipopelekwa hospitali nyingine akafunguliwa tena, kikatolewa kitambaa cha kufutia damu, kimeoza. Alipona, ila hakubeba mimba tena. Miezi mingi baadaye mtu mmoja aliyekuwa zamu usiku ule alimnong'oneza: "Dada, nilihesabu nikaona kimoja hakipo. Niliogopa. Dokta alikuwa ameshaanza kushona na ana hasira."

Soma tena maneno hayo. Hesabu ilifanyika. Mtu alijua. Kilichokosekana ni mdomo.

Pale ambapo orodha inasomwa kweli, yule kijana hahitaji ujasiri wa simba. Karatasi ndiyo inayouliza, yeye anajibu tu: "Kimoja hakijaonekana." Hajamkosoa mkubwa, amejibu swali. Na wote wameshakubaliana tangu mwanzo kwamba jibu likiwa hilo, hakuna kushona, kitafutwe kwanza. Ndiyo maana wanaanza kwa kutajiana majina. Wewe unaweza kuona ni mchezo, lakini mtu aliyeshasikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba mara moja, mara ya pili hapati tabu kusema.

KUTIKI SI KUSOMA

Msije mkasema nawauzia karatasi kama mpiga debe wa dawa za minyoo. Ipo na upande wa pili.

Kanada, jimbo la Ontario, hospitali 101 ziliagizwa kutumia orodha hii. Watafiti walipoangalia vifo kabla na baada, taarifa yao ya mwaka 2014 ilisema tofauti ni ndogo mno, haihesabiki. India nako, jimbo la Uttar Pradesh, kulijaribiwa orodha nyingine ya WHO ya uzazi wa kawaida, katika vituo 120 na kina mama zaidi ya 150,000. Matokeo ya mwaka 2017: wahudumu walifanya mambo mengi mazuri zaidi wakati wakisimamiwa, lakini vifo vya mama na watoto havikupungua.

Kwa nini Ifakara na wenzao wafanikiwe halafu wengine washindwe? Wengi waliochunguza wanasema mambo yanayofanana. Karatasi ikishushwa kutoka juu kama amri, watu wanaijaza. Unakuta imetikiwa yote, vipengele vyote 19, na aliyetiki amekaa ofisini mama ameshapelekwa wodini. Tena kuna wanaotiki asubuhi mgonjwa hajaletwa! Hiyo ni sawa na kuandika "nimeoga" ukutani halafu ukapanda daladala unanuka.

Kitu kingine: orodha haizai damu. Ukiuliza damu ipo na jibu likawa haipo kila siku, utachoka kuuliza. Lazima swali liwe na pa kwenda.

Hapa kwetu ushahidi mzuri umetoka Kanda ya Ziwa. Kuanzia mwaka 2018 mradi mmoja ulioitwa Safe Surgery 2020 ulichukua hospitali na vituo vya afya 10 kule, ukavilinganisha na vingine 10. Hawakugawa karatasi wakaondoka. Waliwafundisha madaktari, manesi na watu wa usingizi kwa pamoja, wakawafundisha kusemezana, wakawa wanarudi kuwaangalia. Utumiaji wa orodha ulipanda, na maambukizi kwa kina mama waliojifungua yakapungua. Mwaka huo huo wa 2018 Tanzania ilizindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na dawa za usingizi. Maneno yako kwenye mpango. Kazi ni yafike kwenye meza ya thieta, saa nane usiku.

"KWETU HATUNA MUDA HUO"

Utaambiwa hivi: hizi ni dharura, mama anatoka damu, mtoto anachoka, nani ana muda wa kutajiana majina? Tena vituo vyetu vya wilayani vina watu wachache. Daktari msaidizi mmoja, nesi mmoja, mtu wa usingizi mmoja. Wanajuana mpaka majina ya watoto.

Sawa. Wanaojuana wasitajane majina, waende kwenye damu na dawa. WHO wamesema orodha irekebishwe, hawakusema iabudiwe. Ila habari ya muda naikataa. Huku wilayani ndiko tunakoihitaji zaidi, kwa sababu hatuna pa kuangukia. Mtu wa mjini Dodoma damu ikikosekana thieta, hospitali nyingine kubwa ipo mjini humo humo. Mama wa Mpwapwa ikikosekana akiwa tumbo wazi, kuna barabara yote ya Kongwa mpaka Mbande, halafu mpaka Dodoma. Bora lipi: kugundua kwamba oksijeni imeisha kabla ya kumchoma ganzi, ukapiga simu na kumwahisha mbele, au kugundua ameshafunguliwa? Dakika mbili hizo si za kuchelewa. Hizo ndizo za kuwahi.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Wewe msomaji si daktari, na mimi nimeishia kidato cha nne. Hatuingii thieta kufundisha watu kazi. Lakini yapo yetu.

Dada, ukiwa mjamzito, jua kundi lako la damu, na jua kama kuna dawa iliwahi kukuwasha au kukuvimbisha. Iseme bila kuulizwa, hata kama imeandikwa kwenye kadi. Sema ulikula saa ngapi, hata kama ulikula kwa siri. Sema umeshapasuliwa mara ngapi. Ukiulizwa jina mara tatu usikasirike ukadhani wamekusahau. Kasirika wasipokuuliza.

Kaka, wewe wa kanga na chupa ya chai, kachangie damu kabla ya siku yenyewe, na wachukue na washikaji. Na kabla mkeo hajaingizwa, mfuate nesi kwa adabu zote, umwambie: "Samahani dada, ile orodha ya usalama huwa mnaisoma hapa?" Usiulize kama polisi. Uliza kama mkwe. Akisema ndiyo, mshukuru. Akisema hapana, umemwachia swali la kulala nalo. Akitoka, uliza tena kwa adabu: vitambaa vimehesabiwa vikatimia?

Na nyie wakubwa wa thieta, shikamooni. Najua mnavyokesha, najua mshahara ulivyo, na najua tunawalaumu siku mbaya halafu siku njema hatusemi asante. Ombi langu kwenu ni dogo. Usiku wa leo, kabla ya kushika kisu, mgeukieni yule kijana wa mwisho kabisa mwaka huu kuajiriwa, yule anayehesabu vitambaa, mwambieni: "Ukiona kitu, sema. Hata kama ninakasirika, sema."

Mama yangu mdogo angekuwa na watoto watatu leo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mapenzi.